Wewe Si Unajua Kompyuta?

Mwongozo huu haukuandikwa kwa mafundi. Fundi ana duka, ana benchi la wateja, na ana sentensi moja inayofunga mjadala wowote: "Hii tunapiga Windows upya." Umeandikwa kwa ajili yako wewe ambaye ukoo, bila kikao wala kura, umeshaamua kwamba unajua kompyuta. Labda siku moja ulimwongezea shangazi sauti kwenye simu. Labda ulionekana msibani ukichapa ratiba ya mazishi kwa vidole vyote kumi. Basi, imetosha. Tangu siku ile kila mashine inayogoma kati ya Tanga na Mbagala huletwa kwako imefungwa kwenye khanga, na aliyeileta huanza kwa maneno yaleyale: "Wewe si unajua kompyuta?"

Usikane. Ukikana utaambiwa unaringa. Pokea mashine, agiza chai, kisha nenda kanunue flashi.

Flashi hiyo si ya nyimbo. Ni ya kubebea mfumo endeshi mzima. Kompyuta hailazimiki kuwaka kwa diski iliyo tumboni mwake; ukiielekeza, itawaka kwa flashi. Mfumo utakaa kwenye RAM, utakufungulia madirisha, intaneti na faili za mgonjwa, na ukizima utaondoka kama mgeni mstaarabu asiyeacha hata duara la kikombe mezani. Kwa CD jambo hili lilishawezekana tangu 1992, ilipotoka Yggdrasil, lakini aliyelifanya likapendwa ni Mjerumani Klaus Knopper. Mwaka 2000 alitoa Knoppix, iliyojengwa juu ya Debian, na enzi zile za CD alizibana programu za karibu GB 2 zikatoshea kwenye sahani ya MB 700, kama abiria wa daladala ya saa moja asubuhi.

Sasa tuanze kukosea.

Kosa la kwanza hufanyika kabla hujaigusa mashine. Knoppix 9.1 ya mwaka 2021 inazidi GB 4, na ipo katika sura mbili: faili yenye DE kwenye jina na yenye EN. Asiye na hadhari hununua bando la usiku, hubofya ya kwanza aliyoiona, hulala. Asubuhi anakuta amepakua Kijerumani, pamoja na mpangilio wa kibodi ambamo Y na Z zimebadilishana viti, hivyo "yai" linaandikika "zai" na paswedi yake mwenyewe inamkataa. Pembeni ya faili ile kuna mstari wa herufi na tarakimu 64 wa kuhakikisha kwamba ulichopakua kimefika kizima. Hakuna anayeuhakiki. Mimi nami nilikuwa sihakiki, mpaka usiku mmoja mfumo ulipoganda katikati ya kazi na nikatumia saa tatu kumlaumu mwenye kompyuta.

Kosa la pili ni kuinakili faili ile kwenye flashi kama unavyonakili wimbo. Flashi nyingi zimefomatiwa kwa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja iliyofikia GB 4, kwa hiyo hapo flashi inakuokoa kwa kukataa. Ikikubali ndiyo balaa, maana utakaa mbele ya mashine ukingoja iwake, sawa na mtu aliyeweka kokwa ya embe kwenye droo akangoja kivuli. Faili ya namna hii huandikwa kwenye flashi kwa programu maalumu, kama Rufus, nayo kabla ya kuandika hufuta kila kilichokuwamo. Inakuuliza kwanza. Inakuuliza kwa herufi kubwa. Wewe unabofya ndiyo, halafu binamu anapiga simu kuuliza ilipo ile flashi yenye picha za sendofu yake.

Haya yalinikuta, na kwa kuwa yamekwisha kunikuta ngoja niseme yaliyofuata. Kufuta faili mara nyingi ni kung'oa jina lake kwenye orodha tu. Data yenyewe hubaki pale ilipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Mfaransa Christophe Grenier aliandika programu iitwayo PhotoRec, ambayo haijali orodha: inaipitia diski kipande kwa kipande ikitafuta vichwa vya picha kama mtu anayepapasa mchanga kwa miguu akitafuta chaza. Flashi ya binamu ilikuwa ya GB 16. GB 4 za mwanzo zilikuwa zimelaliwa na Knoppix, hizo hazirudi. Zilizobaki zilirudi, lakini bila majina, zikiitwa f0482312.jpg na nduguze, zimerundikwa kwenye folda ziitwazo recup_dir. Niliziokolea kwenye diski nyingine, maana kuokolea palepale unapookoa ni kuzika mtu juu ya mtu. Bibi harusi alirudi. Keki haikurudi. Binamu hajanisamehe kuhusu keki.

(Usijaribu kujivunia ujuzi huu kwenye SSD. Nyingi kati ya hizo, ukishafuta faili, mfumo huiambia diski kwamba nafasi ile haina mwenyewe, na diski husafisha. Hapo PhotoRec inapapasa sakafu iliyopigwa deki.)

Kosa la tatu ni la vidole. Kuiambia mashine iwake kwa flashi kunahitaji kitufe fulani sekunde ileile inapowaka: huku F12, kule F9, kwingine Esc, kwingine F2 au Del. Bonyeza mapema, haikusikii. Bonyeza kwa kuchelewa, Windows imeshaingia. Utawasha na kuzima mara sita huku mwenye mashine akikutazama kama anayemtazama mtu anayeshindwa kufungua mlango wa nyumba yake. Ukivuka hapo, utakuta ulinzi wa Secure Boot unakataa flashi yako, na utashawishika kuuzima papo hapo. Usiuzime kabla hujauliza swali moja: je, diski imefungwa kwa BitLocker? Kama ndiyo, mashine ikiona mipangilio yake ya kuwaka imeguswa, huenda ikadai ufunguo wa tarakimu 48. Mwulize mwenyewe kama anao. Atakupa paswedi yake ya Facebook.

Na sasa nimfikie mjomba.

Mjomba wangu, ambaye kwa desturi ya kwetu naye huniita mjomba, ni mwalimu mstaafu wa Tanga. Presha ya macho ilimchukulia nuru taratibu, jicho hili kisha lile. Kompyuta anaitumia kwa NVDA, kile kisoma skrini cha bure kinachomsomea kila kinachopita kwenye kioo, na kwa kasi ambayo mimi husikia kelele tu mahali anaposikia maneno yeye. Ni mweka hazina wa chama cha kuzikana cha mtaa. Nani ametoa, nani anadaiwa, nani ameshazikwa kwa fedha za chama: yote yamo kwenye laptopu yake. Jumamosi moja akapiga simu.

"Mjomba, mashine imenyamaza."

"Imeandika nini kwenye kioo?" nikamwuliza.

Kimya. Halafu: "Ningeona ilichoandika, ningekupigia wewe?"

Andika swali hilo kwenye orodha yako ya makosa, liweke juu. Kwa asiyeona, mashine iliyozimika, iliyoganda, na ile inayongoja tu abonyeze Enter ni mashine moja: zote ziko kimya. Kioo cha bluu cha Windows hakisemi. Menyu ya BIOS haisemi. Kisoma skrini huja baadaye, mfumo ukishawaka, yaani huja wakati tatizo limeshakwisha. Ni sawa na zimamoto inayofika moto ukizimika.

Nilifika na flashi yangu. Mjomba alikuwa ameweka kiganja pembeni ya laptopu. "Feni inazunguka," akasema. "Na diski inagonga. Sikiliza." Sikusikia kitu. Akanishika bega akaniinamisha. Kweli: tak, tak, tak, kama mjusi aliye nyuma ya picha ukutani. Mimi nilikuwa nimeshaandaa maneno kuhusu virusi. Diski ya sahani inayogonga hivyo inakufa, na kila dakika inayoendelea kuwashwa inakufa zaidi. Fundi wa mtaani, ambaye jina lake halina kazi hapa, alikuwa ameshatoa hukumu kwa simu bila kuiona: tunapiga Windows. Angeipiga Windows juu ya marehemu wote wa mtaa.

Kwenye Knoppix kuna mstari wa mwanzo unaokungoja uandike neno. Andika "adriane", bonyeza Enter. Adriane ni mke wa Klaus Knopper. Haoni vizuri, na alishirikiana na mumewe katika kutengeneza sehemu hiyo iliyopewa jina lake. Haina picha za kubofya wala madirisha ya kupishana. Ni menyu inayosema. Mshale wa chini, inakusomea jambo la pili, mshale wa chini, la tatu, Enter, umeingia. Barua pepe, intaneti, muziki, hata kuskani karatasi na kusomewa maandishi yake. Haikuanza na kioo kilichobandikwa sauti baadaye; imeanza na sauti, kioo ni cha kumridhisha aliyekaa pembeni.

Flashi ikawaka, na sauti ya mwanamume wa bati ikajaza sebule. Mjomba akainua uso. "Huyu nani?"

"Imetengenezwa na Mjerumani."

"Mjerumani aliondoka Tanga mwaka 1916," akasema mjomba. "Kumbe alikwenda kutafuta flashi."

Sauti ile hutoka kwa eSpeak, programu ndogo sana inayozungumza lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Lakini Kiswahili lazima ukichague. Mimi nilikuwa na haraka, sikukichagua. Kwa hiyo siku nzima tulisomewa majina yetu kwa Kiingereza. Faili ya msiba wa Same ikawa ya "seimu". Kila "pole" ikawa "poul". Shangazi, aliyekuwa akikuna nazi uani, alikuja mlangoni kuuliza ni mzungu gani anayetoa rambirambi.

Ukiwa na diski inayogonga huanzi kufungua folda na kunakili moja moja. Unachukua nakala ya diski nzima kwa mpigo, ukiiweka kwenye diski mpya, kisha unaiacha ile ya zamani ipumzike. Chombo chake ni ddrescue cha Antonio Diaz Diaz, ambacho huvuna kwanza penye uzima na kurudi baadaye kupang'ang'ania pabovu, badala ya kukwama kwenye shimo la kwanza mpaka diski ife. Unakiambia mambo matatu kwa mpangilio: pa kutoka, pa kwenda, na pa kuandikia kumbukumbu ya kilipofika. Ukigeuza mawili ya mwanzo, utachukua utupu wa diski mpya na kuumwaga, kwa uangalifu mkubwa, juu ya kila kitu ulichokuja kukiokoa. Chombo chenyewe kinaogopa jambo hilo. Hakikubali kuandika juu ya diski nzima mpaka ukilazimishe kwa -f. Mimi nilikuwa nimeshaweka -f, kwa kuwa nimezoea kuiweka.

Nikaorodhesha diski. Mzungu wa bati akasoma: sda, mia nne sitini na tano nukta nane, sdb, mia tisa thelathini na moja nukta tano, sdc, ile flashi. Nikaandika amri haraka, kidole kikawa juu ya Enter. Sauti ikawa inaisoma amri yangu herufi kwa herufi, nami nikawa siisikilizi, maana nilikuwa naiona.

"Ngoja," akasema mjomba. "Yangu si ile ndogo, ya mia nne?"

"Ndiyo."

"Mbona umeitaja ya pili?"

Niliitazama amri ile kwa muda. Ilikuwa imeandikwa vizuri, haina kosa hata la nukta, na ilikuwa kinyume. Nilikuwa nimeipitia mara mbili kwa macho. Sisi tunaoona hatusomi tulichoandika, tunakitambua tu, kama unavyomtambua jirani kwa shati lake. Mjomba hana njia ya mkato hiyo. Hajui kilichoandikwa mpaka neno la mwisho limetamkwa, na habonyezi kabla halijatamkwa. Miaka yote nilikuwa nikimwonea huruma kwa kulazimika kusikiliza kila kitu hadi mwisho.

Nikageuza, tukaanza, saa nane mchana. Saa mbili usiku umeme ukakatika. Betri ya laptopu ile ilikuwa pambo tu. Sikushtuka: ddrescue ikikatizwa huendelea ilipoachia, mradi ina ile kumbukumbu yake. Nikamweleza mjomba hivyo kwa fahari, gizani, jambo ambalo yeye hakulitambua.

"Na hiyo kumbukumbu umeiweka wapi?"

Nilikuwa nimeiweka kwenye folda ya nyumbani ya Knoppix. Yaani kwenye RAM. Yaani kwa yule mgeni mstaarabu asiyeacha alama.

Mweka hazina huyo wa miaka 11 kazini akacheka mpaka akakohoa. "Daftari la chama umempa mpita njia." Akafungua mtoto wa meza akatoa flashi yake ya taarabu. "Weka humu. Hii haiendi popote." Umeme uliporudi tukaanza upya, na hilo si dogo, kwa sababu diski inayokufa haikuahidi kwamba itastahimili safari ya pili. Usiku kucha iligonga. Mjomba alilala kwenye kiti karibu nayo, na kila mlio ulipobadilika aliniamsha.

Alfajiri ilikuwa imekwisha, yote isipokuwa kilobaiti mia tatu hivi zilizokataa katukatu. Tukaitoa diski ya zamani, tukafungua nakala kwa kusoma tu, bila kuruhusu kuandika. Hapa pana tego jingine kwa asiyejua: tangu Windows 8, mashine nyingi hazizimiki kabisa unapozizima, zinasinzia tu ili ziwahi kuamka kesho, na diski ya mashine iliyosinzia Linux haitaki kuiandikia. Watu huona ujumbe huo wakatafuta namna ya kulazimisha. Ulikuja kuokoa au kuhamia? Soma, nakili, toka. (Kama mashine bado inaingia Windows, shikilia Shift unapobofya kuzima, itazimika kweli.)

Orodha ya chama ilikuwamo, nzima, marehemu wote wako mahali pao. Sijui zile kilobaiti mia tatu zilikuwa na nini. Mjomba ana wajumbe wawili wa kamati ambao, kwa maoni yake, wangefurahi kama yangekuwa madeni yao.

Tulipofunga diski mpya aliniomba kitu kimoja. "Hiyo sehemu ya mwanzo isiyosema. Iweke itazame flashi kwanza kila inapowaka, halafu usiiguse tena." Ilikuwa kazi ya dakika moja ndani ya BIOS, na ndiyo dakika pekee katika siku mbili ambayo macho yangu yalihitajika kweli. Tangu hapo akichomeka flashi na kuwasha, Mjerumani anaongea, naye hamhitaji mtu. Una hasara yake mpangilio huo, nami nilimwonya: flashi yoyote ya ovyo itapewa nafasi ya kuiwasha mashine kabla ya mwenye mashine. Wiki ya pili akapiga simu saa kumi na mbili asubuhi kusema mashine imenyamaza tena. Nilikuwa bado natafuta shati alipopiga mara ya pili. Alikuwa ameisahau flashi ya taarabu mahali pake, na mashine ilikuwa imeganda juu yake ikitafuta pa kuanzia. "Nimeichomoa. Lala."

Simu zimepungua sasa. Watoto wa mtaa wanampelekea mjomba laptopu zao, naye huzilaza mapajani, huzisikiliza kwanza kama daktari wa zamani, halafu huomba flashi. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ukoo umeniachia, mpaka Ijumaa iliyopita shangazi aliponipigia. Mashine ya mwanawe imekufa.

"Shangazi," nikasema, "mimi siku hizi hapana. Mpigie mjomba."

"Nimeshampigia, tena ameipokea, iko mapajani mwake. Ni ngeni kwake, haijawekwa kutazama flashi. Amesema uje na macho tu, mengine anayo."